Kupima Usahihi wa Bunduki Fupi ya Kijeshi: Mwongozo wa Uwanja wa Shabaha

Usahihi wa bunduki ni mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. La kwanza ni ukaribu wa matundu: risasi nyingi zilizolengwa alama moja zinaanguka karibu kiasi gani? La pili ni mahali kundi zima la matundu linapoangukia. Bunduki inayotupa risasi kumi ndani ya duara la ukubwa wa kiganja, lakini sentimita 20 kushoto mwa alama, ni bunduki nzuri ambayo kilengeo chake kimepotoka. Hurekebishwa kwa dakika chache. Ile inayotawanya matundu karatasi nzima haiponi kwa kuzungusha skrubu, hata kama wastani wa matundu yake unaangukia katikati kabisa. Kazi ya kwanza ya mpimaji ni kutenganisha mambo hayo mawili na kuyaandika kila moja peke yake.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni fupi, ya muundo wa kijeshi, inayojipakia yenyewe. Kifyatulio kikivutwa mara moja hutoka risasi moja, kisha nguvu ya gesi au ya msukumo hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine chemba. Nchini Kenya silaha za kijeshi za kujipakia zinazojulikana ni pamoja na G3 ya Kijerumani inayotumia risasi ya 7.62 × 51, bunduki za aina ya AK zinazotumia 7.62 × 39, na M4 ya Kimarekani inayotumia 5.56 × 45. Mtutu wa G3 ya kawaida una milimita 450, wa AK-47 milimita 415, na wa M4 milimita 368. G3 ina toleo fupi zaidi, KA4, lenye mtutu wa milimita 315.

Nani apime, na wapi

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazitaja AK-47 na G3 kwa majina katika kifungu cha 4A. Anayepatikana nazo bila kibali au sababu halali anaweza kufungwa maisha. Kwa hiyo upimaji unaoelezwa hapa ni kazi ya askari polisi, askari wa wanyamapori, mwanajeshi, fundi wa silaha wa serikali na mkufunzi wa shabaha, wakiwa kazini na chini ya amri ya msimamizi wa uwanja.

Mahali pana uzito uleule. Chukua mfano wa Longisa: iko mashariki mwa mji wa Bomet, upande wa kuelekea Mulot na Narok, na nchi yote ile ni vilima vyenye maboma, mahindi, malisho na njia za miguu za watoto wa shule. Ukielekea kaskazini hadi Konoin na Kericho, mashamba ya majani chai yana wachumaji tangu asubuhi. Risasi ya G3 iliyopanda juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua, na ya 5.56 zaidi ya kilomita mbili na nusu. Mteremko wa shamba au machimbo ya mawe hayafai kuwa uwanja wa majaribio, hata yakionekana matupu, kwa sababu jiwe hurudisha risasi pembeni na ukungu huficha mtu. Upimaji ufanyike katika uwanja uliopimwa na kuidhinishwa, wenye ukingo mnene wa udongo nyuma ya shabaha, bendera nyekundu, na mlinzi wa kila njia inayoingia.

Ufupi hubadilisha nini

Imani kwamba mtutu mfupi lazima utawanye risasi haina msingi. Mtutu mfupi wa unene uleule ni mkakamavu kuliko mrefu, hautikisiki sana kama huo, na unaweza kukusanya matundu sawasawa na mrefu. Ufupi una hasara mbili za kweli, na mpimaji azijue kabla ya kuilaumu silaha.

Hasara ya kwanza ni ya jicho. Kwa bunduki yenye vilengeo vya chuma, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ndio unaoamua kosa dogo la jicho litakuwa kubwa kiasi gani kwenye shabaha. Katika G3 umbali huo ni milimita 572, katika AK-47 ni milimita 378. Jicho likikosea milimita 1 tu katika kupanga kilengeo cha mbele, risasi ya G3 itapotoka sentimita 17 na nusu katika mita 100, na ya AK itapotoka sentimita 26. Mtutu haujabadilika, aliyekosea ni mlengaji, na ufupi umelikuza kosa lake. Ndiyo sababu bunduki fupi huonekana mbovu mikononi mwa mtu aliyezoea ndefu, na huonekana nzuri ghafla ikifungwa darubini.

Hasara ya pili ni ya kasi. Baruti hupata nafasi ndogo ya kuisukuma risasi, hivyo risasi hutoka polepole zaidi, hushuka mapema na hupeperushwa zaidi na upepo. Katika mita 100 jambo hili halionekani. Kuanzia mita 300 ni la kuhesabiwa.

Risasi ni nusu ya jibu

Hakuna usahihi wa bunduki peke yake. Kinachopimwa ni bunduki pamoja na aina fulani ya risasi. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, nayo huizungusha risasi ili isipinduke hewani. Risasi ndefu na nzito huhitaji mzunguko wa haraka zaidi kuliko fupi na nyepesi.

Historia ya 5.56 inaonyesha jambo hili vizuri. Risasi ya awali ya Marekani, M193, ilikuwa na uzito wa gramu 3.56 na ilitumia mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 305. Mwaka 1980 NATO ilichagua risasi ya Ubelgiji, SS109, yenye gramu 4 na ndefu zaidi, na mitutu mipya ikatengenezwa yenye mzunguko mmoja kila milimita 178. Risasi mpya ikipigwa kwenye mtutu wa zamani hailali sawa hewani. Huyumba, na hutoboa karatasi kwa ubavu. Mpimaji akiona matundu ya umbo la yai au la tundu la ufunguo, asimame hapo. Ama risasi hailingani na mtutu, ama mtutu umekwisha, ama mdomo wake umegongwa.

Kwa sababu hiyo risasi zote za kipimo kimoja zitoke kasha moja lenye namba moja ya utengenezaji, ziwe kavu, zisizo na kutu wala mikwaruzo. Kuchanganya risasi za Eldoret, ambako Kenya ina kiwanda chake cha risasi, na zilizoagizwa kutoka nje ni kupima vitu viwili na kuandika jibu moja.

Matayarisho

Silaha ikaguliwe kabla ya kupigwa. Magazini itolewe, chemba itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, kisha fundi apitie mambo haya:

- Mdomo wa mtutu usiwe na mkwaruzo wala kibonyeo. Hapo ndipo risasi huguswa mara ya mwisho, na jeraha dogo upande mmoja huisukuma pembeni.
- Kilengeo cha mbele na cha nyuma visicheze. Darubini au kilengeo cha nukta nyekundu, kama kipo, kikazwe na skrubu zake ziwekewe alama ya rangi ili kulegea kuonekane.
- Mtutu ufutwe mafuta ndani. Risasi ya kwanza kupita katika mtutu uliojaa mafuta mara nyingi huanguka mbali na wenzake.
- Kwa G3, mwanya wa bolti upimwe kwa kipimo cha bapa. Unatakiwa uwe kati ya milimita 0.1 na 0.5.
- Kilengeo kiwekwe kwenye umbali unaopigwa. Gurudumu la nyuma la G3 lina namba 1 hadi 4 kwa mita 100 hadi 400. Namba 1 ni mkato ulio wazi, nyingine ni matundu. Anayepiga mita 100 kwa namba 3 atapata kundi juu ya alama na kuidhania bunduki imepotoka.

Mlengaji aketi kwenye meza imara au alale kifudifudi. Mbele bunduki itulie kwenye gunia la mchanga chini ya kishikio, kamwe isiwe chini ya mtutu, kwa maana gunia likiugusa mtutu huubadilishia mtikisiko. Magazini isigusane na meza. Kitako kiegemee bega kwa nguvu ileile kila mara. Lengo la matayarisho haya ni kumpunguza mtu ndani ya kipimo, ili kinachobaki kwenye karatasi kiwe cha silaha na risasi.

Saa ya kupima ichaguliwe. Katika nyanda za Bomet na Kericho asubuhi na mapema huwa na ukungu, jua la mchana huichemsha hewa juu ya nyasi hadi alama ikacheza machoni, na mvua hupenda kushuka alasiri. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, ukungu ukishainuka na upepo haujaamka, ndio wakati mzuri. Upepo wa ubavuni wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde huisogeza risasi ya 5.56 kama sentimita 3 katika mita 100, na zaidi ya sentimita 25 katika mita 300. Kwa hiyo kipimo cha msingi kifanywe mita 100, kwenye utulivu, na vitambaa vyepesi vifungwe kwenye vijiti njiani ili upepo uonekane.

Kupiga

Kwanza zipigwe risasi mbili au tatu kwenye karatasi ya pembeni ili kuondoa mafuta yaliyosalia. Kisha karatasi safi iwekwe, yenye alama ndogo iliyo wazi, nyeusi juu ya nyeupe, na zipigwe risasi 10 kwa alama ileile bila kurekebisha kilengeo hata kama kundi linakwenda pembeni. Anayegeuza skrubu katikati ya kundi ameliharibu.

Kati ya risasi na risasi zipite takriban sekunde 30. Mtutu mwembamba wa bunduki fupi hupata joto upesi, na joto linaweza kuhamisha mahali pa kupigia. Baada ya risasi 10 chemba iachwe wazi hadi mtutu ushikike kwa mkono, ndipo lipigwe kundi la pili, na la tatu. Risasi iliyomponyoka mlengaji, naye akatamka hivyo kabla ya kutazama karatasi, iandikwe kando. Akishatazama karatasi hana tena ruhusa ya kuikana risasi yoyote.

Risasi 30 katika makundi matatu ndicho kiasi cha chini kinachostahili kuitwa kipimo. Makundi ya risasi tatu, ambayo wengi huyapiga picha na kuyatembeza, hayasemi mengi. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi 10 yana wastani wa sentimita 9 kutoka tundu la mwisho upande mmoja hadi la mwisho upande wa pili, itatoa wastani wa sentimita 7 hivi kwa risasi tano, na chini ya sentimita 6 kwa risasi tatu. Silaha ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya nafasi ilizopewa kukosea.

Kusoma karatasi

Njia rahisi ni kupima upana wa kundi kwa rula, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi. Kasoro yake ni kwamba inategemea matundu mawili tu na kuyatupa manane. Njia bora ni kutafuta umbali wa wastani kutoka katikati ya kundi, nayo huhitaji rula, kalamu na hesabu ya shule ya msingi.

Mstari wima uchorwe kushoto mwa matundu yote, na mstari mlalo chini ya matundu hayo. Umbali wa kila tundu kutoka mstari wima upimwe, ujumlishwe na kugawanywa kwa 10. Vivyo hivyo kwa mstari mlalo. Namba hizo mbili huonyesha kitovu cha kundi. Kutoka kitovu hicho upimwe umbali wa kila tundu. Chukua mfano wa umbali huu kwa sentimita: 1.2, 1.9, 2.3, 2.6, 2.8, 3.1, 3.4, 3.7, 4.2 na 4.8. Jumla ni 30, na wastani ni sentimita 3.

Wastani huo una manufaa makubwa. Duara lililochorwa kwa nusu kipenyo cha mara mbili ya wastani, yaani sentimita 6 katika mfano, litachukua takriban risasi 95 kati ya 100. Msimamizi hahitaji jedwali lingine ili kujua silaha yake inaweza nini. Katika mita 100 itaweka karibu risasi zote ndani ya duara la kipenyo cha sentimita 12. Katika mita 200 duara ni sentimita 24, katika mita 300 ni sentimita 36 au zaidi, kwa sababu upepo na tofauti za kasi huongeza chao.

Walengaji hutumia pia dakika ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Katika mita 100 dakika moja ni sentimita 2.9. Kundi la risasi 10 lenye upana wa sentimita 9 ni la dakika 3 hivi, na hilo ni jambo la kawaida kwa bunduki nzima ya kijeshi inayopiga risasi za kawaida za kijeshi. Dakika 4 au 5 si ajabu kwa silaha iliyotumika miaka mingi. Anayedai dakika moja kwa bunduki ya namna hiyo aonyeshe makundi yake yote ya risasi 10, pamoja na yale asiyoyapenda.

Kitovu cha kundi ndicho kinachotumika kurekebisha kilengeo. Kikiwa sentimita 8 kulia mwa alama na sentimita 5 juu yake, vilengeo husogezwa hadi kundi lihame kwa kiasi hicho. Marekebisho yafuate kundi zima, kamwe yasifuate tundu moja.

Umbo la kundi na chanzo chake

Karatasi husema zaidi ya ukubwa. Kundi lililorefuka kutoka juu hadi chini laweza kutokana na risasi za kasi zisizolingana, pumzi ya mlengaji, au shavu linalohama kwenye kitako. Lililopanuka kushoto na kulia huelekeza kidole kwa upepo au kwa namna kifyatulio kinavyovutwa. Makundi mawili yaliyoachana kwenye karatasi moja ni dalili ya kitu kinachocheza: kilengeo, kitako au kishikio. Kundi linalotambaa upande mmoja kadiri risasi zinavyoendelea linaeleza joto la mtutu.

Kabla ya kuihukumu silaha, mlengaji wa pili apige kundi lake kwa bunduki ileile. Kundi likibaki pana, tatizo liko kwenye chuma au kwenye risasi. Likisinyaa, tatizo lilikuwa begani mwa mtu wa kwanza.

Kipimo cha siku nyingi

Bunduki inaweza kukusanya vizuri leo na vizuri kesho, lakini kila siku mahali tofauti. Lee-Enfield Namba 5, bunduki fupi ya risasi ya .303 iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1944, ilipata sifa hiyo mbaya. Haikuwa ya kujipakia yenyewe, lakini ilipunguzwa urefu na uzito kwa ajili ya vita vya msituni, na ilibebwa pia Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Jeshi la Uingereza lilisema kilengeo chake hakikai mahali pamoja kiliporekebishwa, na utengenezaji ukakoma 1947. Kundi moja la asubuhi moja lisingeonyesha kasoro hiyo.

Kwa hiyo karatasi zihifadhiwe. Kila moja iandikwe tarehe, saa, namba ya silaha, aina na namba ya kasha la risasi, umbali, hali ya hewa, jina la mlengaji na idadi ya risasi ambazo mtutu umeshapiga. Kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, na kila mara silaha inapofunguliwa na fundi, inapoanguka, au inapohamishwa kituo. Vitovu vya siku mbalimbali vikilinganishwa, ndipo hujulikana kama silaha inatunza kilengeo chake.

Uhamisho una jambo lake. Nyanda za Bomet ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Risasi hupoteza kasi polepole zaidi. Askari aliyerekebisha kilengeo Bomet kisha akapelekwa Lamu hataona tofauti katika mita 100, lakini katika mita 300 na zaidi risasi zake zitaanza kuanguka chini kidogo. Kilengeo kikaguliwe upya kila kituo kipya.

Kiwango kinachotosha

Usahihi hupimwa dhidi ya kazi. Kwa silaha ya ulinzi ambayo matumizi yake mengi ni chini ya mita 100, bunduki yenye umbali wa wastani wa sentimita 3 hadi 4 katika mita 100, inayotunza kilengeo na isiyokwama, imetosha. Ikizidi sentimita 5 kwa risasi nzuri na walengaji wawili, ipelekwe kwa fundi. Ikitoboa kwa ubavu, iondolewe kazini siku hiyohiyo.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu bunduki itumike pale tu njia nyingine hazitoshi, kwa sababu zilizotajwa humo, ikiwemo kulinda uhai. Sharti hilo halina maana ikiwa askari hajui risasi yake itatua wapi. Sokoni Longisa, stendi ya Mulot au kandokando ya shamba la chai, tofauti ya sentimita 20 ni tofauti kati ya mtu aliyelengwa na mama aliyesimama nyuma yake. Silaha isiyopimwa kwa risasi 30, kwa siku zaidi ya moja, na kuandikwa, haijulikani usahihi wake, na haifai kutolewa ghalani kwenda kwa watu.